Mlango Nilioupinda kwa Makusudi

Mapendo, mwanangu,

Umeniacha na sahani jikoni, umeenda kanisani wakuombee safari na wakulishe keki. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu kidogo, nikuandikie jambo ambalo kesho kwenye gari, mjomba wako akiendesha na kuimba juu ya redio, sitaweza kulisema.

Kupika unajua. Kufua unajua. Kuamka mapema ulijua kabla yangu. Kwa hiyo sina maagizo. Nina habari za patro, bosi wangu wa zamani, na za kicheko chetu cha Ijumaa.

Ijumaa ulikuja na simu yako mkononi ukasema, "Mama, angalia. Si haya?" Nikavaa miwani. Zilikuwa picha za makabati mawili yatakayouzwa kwa mnada mwezi ujao huko Houston, katika nyumba hiyo hiyo ya mnada ulikopata kazi ya kuandika maelezo ya samani za zamani. Nikayatambua kabla picha haijatulia. Mguu wa mbele wa kushoto wa kabati moja una goti lililovimba kidogo kuliko la kulia. Goti lile nililichonga mimi wiki uliyougua tetekuwanga. Chini ya picha wameandika kwamba ni jozi kutoka Paris, kazi ya zaidi ya miaka mia moja, mtindo wa wafalme uliofufuliwa, na kwamba hayajaguswa na mkono wa fundi mwingine.

Ukasema, "Nitakuwa nayo chumba kimoja wiki tatu nzima. Kikombe cha maji kikisahauliwa juu yake, nani atajua?"

Nikacheka. Ulinisikia. Nilicheka mpaka nikashika meza, nawe ukacheka, na kwa muda ule nilikuwa na furaha kuliko siku uliyomaliza shule. Kisha ukaenda kuoga, nami nikabaki na maneno yako: nani atajua. Ni maneno yangu hayo, Mapendo. Niliyasema kabla yako, peke yangu, nimeshika kisu.

Nianze na babu yako, maana hukumjua. Alikuwa seremala Bukavu. Alifundishwa na fureri mmoja, mtawa wa misheni, Mzungu mzee aliyetaka viti vya wageni viwe kama vya kwao: miguu iliyopinda kama ya mbuzi, maua yamechongwa mgongoni, mikono ya fotei, kile kiti cha kuegemea, imelainishwa mpaka inakuomba ukae. Babu yako hakuwahi kuiona Ulaya, lakini alijua mguu wa kiti wa Kifaransa unaanzia wapi kupinda na unaishia wapi. Kaka zangu hawakuwa na subira, hivyo mimi ndiye niliyefundishwa kupaka verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, kwa kitambaa kilichofungwa kama kichungwa, tone kwa tone, mkono ukizunguka bila kusimama, kwa sababu ukisimama verni inashika na alama haitoki tena. Kanuni yake ilikuwa moja. Alisema, "Kiraka kikionekana, fundi amelala." Kazi nzuri ni ile ambayo mwenye kiti hawezi kukuonyesha ulipopita.

Niliishika kanuni hiyo nikavuka nayo kambi za wakimbizi, nikavuka nayo bahari. Hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kunigeukia.

Karakana ya patro ilikuwa ghala nyuma ya reli, hapa hapa Dallas. Tulimwita patro kwa mazoea ya nyumbani. Aliniajiri kufagia. Siku moja nilikuta meza yenye doa jeupe la maji, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiniangalia, nikafunga kitambaa changu nikaliondoa. Kumbe patro alikuwa akiniangalia. Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule, "Baba." Wiki iliyofuata nilikuwa na benchi, patasi sita na taa yangu mwenyewe. Nililia kwenye treni nikirudi mtaani kwetu Vickery Meadow. Nilidhani nimefika.

Na kweli kwa miaka mingi nilipenda kazi ile kuliko nilivyopenda kulala. Samani zile zililetwa kwa makontena kutoka Ufaransa, zimevunjika, zimeliwa na wadudu, ili zikauzwe katika nyumba kubwa za hapa na za Houston. Watu waliona dhahabu na maua. Mimi niliona watu. Kabati moja lilipita mikononi mwa mafundi watano au sita: mmoja alikata sanduku, mwingine akachonga, mwingine akayeyusha shaba ya mapambo, mwingine akabandika ile ngozi ya mbao, nyembamba kama karatasi, inayofanya mti wa kawaida uonekane wa thamani. Hakuna aliyeandika jina lake mahali pa kuonekana. Jina la mwenye duka ndilo lililogongwa kwa muhuri. Lakini nilikuwa nikiwajua. Nilijua mchongaji mmoja alitumia mkono wa kushoto, kwa jinsi majani yake yalivyolala. Nilikuta alama ya kidole gumba kwenye gundi ya zamani, nikaweka cha kwangu juu yake. Chake kilikuwa kikubwa. Byamungu, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alinicheka. "Yaya, unasalimiana na marehemu?" Nikamwambia ndiyo, na wana adabu kuliko wewe.

Byamungu unamkumbuka. Ni mimi niliyemleta pale. Yeye alipika gundi na kubana mbao, mimi nilichonga na kupaka.

Siku moja patro alinunua kabati moja zima na mbavu za jingine. Akaniambia, "Nataka mawili." Kwa vipande vile na mbao mpya nikamtengenezea la pili. Miezi minne. Nilichemsha maganda ya karanga za miti ya hapa, zile nyeusi, nikapata rangi ya uzee. Nilipaka chai. Nilichukua vumbi la mfuko wa mashine ya kufagilia nikalipuliza kwenye pembe. Nilipomaliza, hata Byamungu alisimama kati ya makabati yale akakuna kichwa. Nilijivuna, mwanangu. Sikujiuliza ni kwa nini fundi aombwe kutengeneza uzee.

Kisha ikaja siku ambayo wewe pia unaikumbuka, ingawa hatujawahi kuitaja. Shule ilikuwa imefungwa, ukawa umekaa chini ya benchi langu unasoma. Walikuja mume na mke kutoka Houston. Patro akapitisha mkono juu ya kabati langu akawaambia ni jozi tangu kuzaliwa kwake. Yule mama alikuwa mpole, alitazama mikono yangu iliyokuwa na rangi hadi kwenye viwiko, akauliza, "Na huyu ni nani?" Patro akajibu bila hata kugeuka. Wote watatu wakatabasamu.

Nikakuuliza kwa Kiswahili, "Amesemaje?" Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukasema, "Amesema wewe ni msaidizi wake mkuu."

Nilikuwa nimesikia, Mapendo. Mtu wa usafi. Ni maneno ya kwanza ya Kiingereza niliyojifunza katika nchi hii, yaliandikwa kwenye kadi niliyovaa shingoni hotelini. Nilikuuliza kwa sababu nilitumaini nimekosea. Ukanidanganya kunilinda, nami nikakuacha uamini kwamba umefaulu. Uliporudi kwenye kitabu chako, hukufungua ukurasa mwingine. Hapo ndipo nilipoapa kulipiza. Sikuapa kwa ajili yangu; mimi nimeitwa mengi. Niliapa kwa sababu alimfanya mtoto wangu ajifunze kutafsiri fedheha.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Baada ya wiki mbili kulikuja kabati jingine la kwenda kwa mume na mke wale wa Houston. Ngozi ya mlango wake ilikuwa imeachia upande wa mbele, nami nikapewa niibandike upya. Kila fundi anajua kwamba mlango hubandikwa pande zote mbili. Ukibandika mbele tu, upande mmoja unavuta na mwingine haujibu, na hewa ikibadilika ubao unajikunja. Hapa Dallas, katika ghala lenye mashine ya baridi, mlango wa namna hiyo unaweza kukaa umenyooka kama askari. Houston kuna unyevu. Mbao zinakunywa. Nilijua kwamba kabla ya joto la kiangazi kuisha mlango ule utajipinda kama jani la muhindi, na patro ataaibika mbele ya watu aliowachekea.

Nikasubiri Byamungu atoke kula. Nikapasha kitambaa cha maji, nikaingiza kisu, nikabandua ngozi ya ndani, ambayo ilikuwa nzima kabisa, haina kosa lolote. Ilitoka taratibu, kipande kimoja. Na chini yake, kwenye ubao mtupu, kulikuwa na maandishi ya penseli.

Kifaransa nakisoma, walitufundisha kwa fimbo. Yule aliyebandika mlango ule aliandika jina lake, zuri, la mtu aliyesoma kidogo na kuandika kwa bidii. Chini yake akaandika: baridi kali leo, gundi inaganda kabla ya mkono kufika.

Hayo tu. Alijua kwamba akishabandika hakuna atakayeyaona. Aliandika hata hivyo.

Nilitaka kumwita Byamungu ayaone. Lakini ningemwambia nini kuhusu ngozi iliyokuwa mkononi mwangu? Patro angeyaona angepiga picha, angeyauza pamoja na kabati. Nikasikia hatua za Byamungu uani. Nikachukua kikwanguo nikakwangua. Mara nne, tano. Jina likawa unga kwenye aproni yangu. Nikapaka rangi ya giza, nikapuliza vumbi, nikatundika mlango. Nikajisemea: nani atajua.

Mara nyingi nimejiuliza tofauti iko wapi. Patro alifuta jina langu ili auze. Mimi nilifuta la mwenzangu ili niumize. Yule fundi hakuwa amenikosea kitu. Mikono yake ilikuwa na baridi.

Kiangazi kikapita, kabati likarudi. Mlango ulikuwa umejipinda hasa, nilifanya kazi nzuri. Yule mama mpole alikuja mwenyewe. Hakukasirika, alikuwa na huzuni kama mtu aliyeletewa mbwa aliyegongwa. Na patro hakuaibika hata kidogo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo, mwanangu: mtu wa aina ile ukimwekea aibu mlangoni, anampa mtu wa chini yake aibebe. Aligeuka akauliza, "Wiki ile nani alikuwa kwenye gundi?"

Byamungu alikuwa kwenye gundi.

Mimi nilisimama pale. Nilikuwa na maneno ya kutosha ya Kiingereza. "Mimi" ni neno dogo sana. Sikulisema. Nilikuwa na kodi, nilikuwa na wewe, nilikuwa na sababu zote ambazo watu huwa nazo, na zote zilikuwa za kweli.

Byamungu alipitisha kiganja nyuma ya mlango. Mkono wa fundi hauhitaji taa. Akaelewa palipokosekana ngozi, akaelewa ni nani aliyeitoa, akaniangalia. Kisha akakusanya vifaa vyake kwenye ndoo. Nilimfuata hadi nje. Yeye ndiye aliyesema. Alisema, "Ungeniambia, yaya. Tungeiharibu wawili, tena vizuri zaidi." Akacheka kidogo akaenda kusubiri basi.

Nilibaki na patro miezi mingine mitatu, nikaacha. Tangu hapo nawaogesha wazee na kuwalisha, kazi ya heshima, na sijashika patasi. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini, nilisema macho. Si macho.

Usidhani nakuandikia ili nikuambie nimemsamehe yule mtu. Mchungaji ameniuliza mara tatu, na mara tatu nimemwambia bado, baba. Nataka aaibike. Nataka watu waliompa mkono wautazame mkono wao. Nimekula na tamaa hiyo, nimepanda nayo treni, na wakati mwingine nikimkanda mzee mgongo huwa nakanda hasira yangu. Kwa hiyo sitakuambia uache kisasi. Nitakuambia tu kwamba kisasi cha gizani ni mshale unaomwangukia mtu mwingine. Kikombe chako cha maji kitaharibu mikono ya wafu wa Paris na mikono yangu, na siku ya kuulizwa, atatafutwa mfagiaji wa zamu. Kutakuwa na mfagiaji, Mapendo. Huwa yupo.

Jana, ulipokuwa dukani, nilimpigia Byamungu. Yuko Fort Worth, ghalani, anapanga masanduku. Mke wake ndiye aliyepokea. Hajanisalimia kanisani kwa miaka na sikujua kama anajua. Hakujua; alikuwa na hasira tu kwamba mumewe alifukuzwa nami nikabaki. Nilimweleza kila kitu, kuhusu kisu, kuhusu kitambaa, kuhusu kunyamaza. Akasema, "Miaka yote hii nilifikiri mume wangu hajui kazi. Nilimwambia hivyo mbele ya watoto."

Nikasema, "Najua sina haki ya kuomba."

"Usiombe. Nakuchukia, Mama Mapendo. Lakini yule Muzungu namchukia zaidi. Unataka kufanya nini?"

Nikamwambia. Akamwita mumewe, akaweka simu mezani tusikilizane wote. Byamungu alisikiliza hadi mwisho akasema, "Weka na jina langu. Na useme gundi yangu haikuwa na kosa." Mkewe akadakia kutoka nyuma, "Aandike kwa herufi kubwa!" Tukacheka, sisi watatu, kila mtu na uchungu wake.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Ndani ya bahasha ya kahawia kuna karatasi tatu nilizoandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wakuu wa mnada. Nimeeleza kabati lipi ni la Paris na lipi ni langu. Nimewaambia wavute droo ya chini watazame sakafu yake: ni msonobari wa hapa Texas, na meno ya msumeno wa mashine yameacha mistari ya upinde, ambayo haipo kwenye droo ya kabati la Paris. Nimewaambia kuhusu goti la kushoto. Nimewaambia uzee wake ulitoka kwenye sufuria yangu. Kisha, kwenye karatasi ya tatu, nimeeleza kuhusu mlango nilioupinda kwa makusudi, kabati la nani, na mtu aliyefukuzwa bila kosa. Ningeweza kuiacha karatasi hiyo. Lakini patro akisoma mbili za kwanza jambo la kwanza atakalosema ni kwamba mimi ni mwongo mwenye kinyongo, na nimeona ni heri kinyongo nikiseme mwenyewe.

Huenda nikashtakiwa. Huenda wale wazee wangu wakatafutiwa mtu mwingine wa kuwalisha. Nimeyapima hayo, nimeyakubali. Nikianguka, nataka niwe nimeshika koti la patro.

Kinachobaki ni wewe, na ndiyo maana sikulala vizuri. Ukinyamaza na baadaye wagundue kwamba mtoto wa aliyetengeneza kabati alikaa nalo chumba kimoja akiandika maelezo yake, watakuita mwizi mwenzetu. Ukisema, huenda wakakwambia kazi imekwisha kabla ya kukuonyesha kiti chako. Umeitafuta kazi hii mwaka mzima. Umejifunza majina ya mbao ambazo mimi mwenyewe nazijua kwa harufu tu. Nakuomba jambo gumu: Jumatatu, kabla hujavua koti, mtafute mkuu wako, mwambie, "Kabati moja kati ya haya mawili lilitengenezwa na mama yangu," umpe bahasha. Usiiache mezani kwake. Usiitume kwa posta. Mpe mkononi, umwangalie.

Nina tumaini, ingawa dogo, kwamba atakuwa mtu anayependa kazi yake, na kwamba mtu anayependa kazi yake akiambiwa ukweli kuhusu droo ataenda kuivuta. Lakini tumaini langu si dhamana. Kama huwezi, nirudishie bahasha kesho asubuhi kabla mjomba hajawasha gari, bila kueleza. Sitakuuliza, na sitapungukiwa na upendo hata kidogo. Nitapanda basi la Houston mwenyewe, wiki ya kutazama mali, siku ambayo yeyote anaruhusiwa kuingia na kufungua milango, na nitakuja na bisibisi yangu.

Bahasha sijaibandika, ili usome njiani. Kiingereza changu kina makosa, hasa kwenye nyakati zilizopita; rekebisha popote utakapoona. Jina langu nimeliandika mwisho wa kila karatasi, lote, kama nilivyobatizwa. Hilo usiliguse.

Mama yako